Bastola Aliyorithi Arap Tonui

Usiisugue. Kama hamtasoma zaidi ya hapa, vijana wangu, shikeni hilo moja kisha rudini kwenye simu zenu. Kitu cha kale mlichoachiwa na mzee wenu, kiwe saa, cherehani, redio ya betri au taa ya chemni, msikisugue. Kipanguseni vumbi kwa kitambaa kikavu, mkipeleke kwa mtu anayekijua. Juzi mjukuu wangu aliniletea saa ya babu wa rafiki yake. Walikuwa wameing'arisha kwa dawa ya meno mpaka jina la kiwanda limefutika, halafu wananiuliza, "Babu, hii inaweza kuwa ngapi?" Nikawaambia jana ilikuwa na bei, leo ina mng'aro.

Mimi sikuwa fundi wa saa. Kazi yangu miaka ya hamsini ilikuwa bunduki, hapa hapa Nakuru, katika duka lililokuwa mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli. Najua mkisikia bunduki mnaniangalia vingine. Tulieni. Sijawahi kumpiga hata njiwa. Mimi ni seremala, mtoto wa Bondeni, na baba yangu alikuwa mpishi wa reli aliyetoka pwani akashuka Nakuru na kukataa kupanda gari tena. Niliingia kazi ile kwa mlango wa mbao. Bunduki ina kitako, bastola ina mpini, na vyote hivyo huvunjika. Mzungu akianguka na farasi, wa kwanza kuvunjika ni mpini.

Mwenye duka alikuwa Kalasinga mmoja mrefu, tuliyemwita Fundi Kartar. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukasirikia. Alinichukua nikiwa tayari nina mke na mtoto, si kijana wa kufagia. Ilikuwa Emajensi, siku zile za vita vya Mau Mau, na polisi walikuja kuniuliza maswali mpaka wakanichosha. Mwishowe cheti changu kiliandikwa "seremala", na mwaka wa kwanza wote niliruhusiwa mbao tu. Chuma kilikuwa chake na funguo zilikuwa zake. Nikinyoosha mkono kuelekea kwenye mtutu ananigonga vidole kwa rula, halafu baada ya saa moja ananiletea chai ya tangawizi aliyoipika mwenyewe. Nilimpenda mtu yule, na nasema hivyo wazi kwa sababu sikuwahi kumwambia.

Mbao nzuri za kazi ile zilitoka ng'ambo na zilikuwa adimu, kwa hiyo mimi nilitumia sana mutamaiyu wa misitu ya huku juu. Ni mti mgumu, unachosha msumeno, lakini ukiukausha polepole kivulini haupasuki. Mafuta ya kitani hupakwa kwa kiganja, si kwa brashi. Unasugua mpaka kiganja kiwake, unaacha ulale, kesho unarudia. Ukiona fundi anapaka vanishi juu ya mpini wa kale ili ung'ae, mnyang'anye kitu chako utoke mbio.

Tuliletewa bastola za urithi nyingi miaka ile. Wazungu wazee walikuwa wanakufa, wengine wanauza mashamba, na sheria ilitaka silaha ya marehemu ikae kwa muuzaji mwenye leseni mpaka ijulikane inakwenda wapi. Zikaja kwetu. Na kila moja ilikuja na hadithi. Hakuna aliyewahi kuleta bastola ya kawaida. Hii ilikuwa ya jenerali, hii ilipigana na Waturuki, hii alipewa babu na mfalme. Kama wafalme wangegawa bastola zote tulizosikia, wasingepata muda wa kutawala.

Fundi Kartar alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwingine. Alikataa kupima kitu cha marehemu bila mrithi kuwepo, na alikataa kukigusa kabla mrithi hajasimulia. "Kwanza mdomo," alikuwa akisema, "baadaye chuma." Anamkalisha mrithi kwenye kiti cha mbao, bastola iko mezani juu ya kitambaa, anasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Ndipo anavaa miwani. Nilidhani anafanya hivyo kwa heshima ya msiba. Siku moja akanieleza.

"Chuma hapana ongopa," alisema. "Mtu naongopa, kwa sababu napenda baba yake. Sasa mimi nataka jua yeye napenda kiasi gani, kabla mimi navunja roho yake."

Alivunja roho nyingi, lakini kwa upole. Iliyomuuma mwenyewe ilikuwa ya mama mmoja mjane kutoka Subukia, mwenye shamba la kahawa, aliyekuja na bastola ya mumewe ndani ya kikapu cha mayai. Ilikuwa kitu cha maana kweli, kazi ya mkono, yenye nakshi za maua kwenye chuma chote. Ilikuwa, nasema. Mama yule alimwambia mpishi wake kwamba inakwenda mjini kupimwa bei, basi mpishi naye akaona aibu kitu cha bwana kwenda mjini kikiwa cheusi. Akaisugua kwa majivu na waya wa masufuria kutwa nzima. Akaimalizia kwa ndimu. Ilipofunuliwa mezani iling'aa kama sufuria ya harusi, na yale maua yalikuwa yamebaki kwa kubahatisha, ua huku, jani kule. Fundi Kartar aliivua miwani akaiweka chini. Mama akauliza kama imependeza. "Imependeza sana," akajibu, kisha akaingia stoo akakaa humo kwa muda.

Nimewaambia hayo ili mjue weusi wa chuma cha kale si uchafu. Ndio ngozi yake. Kutu nyekundu inakula, hiyo ipakwe mafuta. Ule weusi wa kahawia unaolingana kote, uacheni, kwa maana mtu ajuaye akiuona anajua hakuna mkono uliochezea.

Sasa niwaletee arap Tonui, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Alikuja asubuhi ya mvua, mzee mwembamba mwenye koti la jeshi lililofifia na makubazi ya mpira wa gari, akasimama barazani mpaka tulipomkaribisha. Rungu lake aliliacha nje bila kuambiwa. Alikuwa mkuu wa wachunga ng'ombe katika shamba la maziwa upande wa Kuresoi, na alikuwa amekaa hapo tangu ujana wake. Mwenye shamba, mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kipara, alikuwa amekufa. Katika wasia wake alisema shamba liende kwa mwanawe, na bastola yake ya zamani apewe arap Tonui.

Hebu fikirieni. Emajensi. Mwafrika akikutwa na risasi moja tu mfukoni, shingo yake ilikuwa hatarini. Na huyu ameachiwa bastola nzima kwa maandishi. Hakuweza kuibeba, hakuweza kuiweka nyumbani, hata kuishika hakuruhusiwa. Ilikuwa mali yake, na ilikuwa imefungwa kwenye sefu yetu.

Mtoto wa marehemu, ambaye walimwita Mluzi kwa sababu hakuacha kupiga mluzi tangu alipoota meno, alikuwa amempa neno moja tu: niachie bastola ya baba, nami nitakupa mtamba. Mtamba mmoja, ng'ombe jike mchanga, wa kuchagua Mluzi mwenyewe. Na alitaka jibu siku ile ile, kwa sababu shamba lilikuwa limeshauzwa na kila mtu alikuwa anafungasha.

Hapo ndipo mzee alipokuwa amebanwa. Katika shamba lile mfanyakazi hakuruhusiwa kufuga ng'ombe wake. Arap Tonui alikuwa amekamua ng'ombe wa watu maisha yake yote, na sasa alikuwa anarudi kwao bila hata kwato moja. Mtamba mmoja angekuwa mwanzo wa boma. Lakini kule kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, kila mtu alikuwa amemjaza maneno. Mzungu hatoi mtamba kwa chuma bure, walimwambia; akikupa mmoja jua thamani yake ni ishirini. Akikubali haraka na bastola ikawa ya maana, wanawe wangemcheka mpaka kaburini. Akikataa na bastola ikawa takataka, angekosa hata huyo mmoja. Alitueleza yote hayo taratibu, huku akipanga vidole vyake juu ya goti. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau, kwa sababu wote waliomtangulia waliuliza kwa shilingi.

"Sasa fundi, hii ni ng'ombe ngapi?"

Fundi Kartar akamwambia kwanza mdomo.

Hadithi ya bastola ile, kama ilivyojulikana Kuresoi yote mpaka Molo, ilikuwa kwamba zamani, kabla ya vita vya Hitla, chui aliingia zizi la ndama na Bwana Kipara akampiga risasi ya pua. Chui akatoroka akipiga chafya za damu. Bwana Kipara alipokuwa akimfukuza aliteleza akatumbukia ndani ya josho la kuogeshea ng'ombe, akatoka ananuka dawa ya kupe, na harufu ile ikakaa naye hata kanisani. Watu waliipenda hadithi ile kwa sababu ya josho kuliko kwa sababu ya chui.

Arap Tonui alikuwa shahidi wa pekee. Aliisimulia kama inavyojulikana, akafika kwenye risasi, akasita. Akatuangalia mmoja mmoja. Nadhani kule kusikilizwa bila kukatizwa kulimlegeza, maana hakuna aliyewahi kumkalisha kwenye kiti akamwomba aseme. Akasema kuna jambo Bwana alimwomba asimwambie mtu, naye hakusema mpaka leo, lakini sasa Bwana amekufa na chuma hiki lazima kipimwe kwa ukweli.

"Haikulia," alisema. "Bwana alifinya, ikafanya ta. Akafinya tena, ta. Chui ameacha ndama, anaangalia sisi. Sasa Bwana akairusha. Ikapata chui hapa, kwa pua. Chui akaenda."

Mimi nilicheka mpaka nikashika meza, na yeye mwenyewe akacheka, meno yake yote yakionekana. Miaka yote hiyo Bwana Kipara alikuwa akijisifu kwa risasi ambayo haikutoka. Fundi Kartar hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya kawaida ilirushwa namna gani.

Tulikuwa na bastola ya mbao dukani. Niliichonga mwenyewe, ya kipimo kamili, ili mshona ngozi aitumie kupimia vifuko. Mbao haina sheria. Fundi Kartar akaichukua akamwekea mzee mkononi. Arap Tonui akasimama, akaigeuza, akaushika mtutu, mpini ukawa mbele, akarudisha mkono nyuma ya sikio na kuuleta kwa kifundo tu. Hakuiachia, lakini niliona wazi ingepiga wapi. Ingepiga kopo la mafuta lililokuwa kwenye rafu ya mbali. Kisha akatabasamu, akairudisha mezani, akakaa.

Ndipo miwani ikavaliwa na chuma kikapata zamu yake. Fuateni vizuri hapa, kwa maana hii ndiyo kazi yenyewe.

Kwanza unahakikisha haina risasi, hata kama mwenyewe amekuapia kwa jina la mama yake. Halafu unaangalia juu ya mtutu, maana fundi wa heshima huandika jina lake hapo, na mji wake. Bwana Kipara alikuwa akisema bastola yake ilitengenezwa London. Juu ya mtutu palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ya kuisifu, bila jina la mtu wala la mji. Fundi Kartar aliguna. Akaizungusha ile silinda inayobeba risasi, yenye matundu matano, akatafuta mihuri midogo kwa kioo cha kukuzia. Kila nchi hujaribu mitutu yake kabla haijauzwa, na kuipiga muhuri wake. Akaniita nitazame. Palikuwa na kiduara kirefu kama yai, taji juu yake, herufi ndani. "Ubelgiji," akasema. Huko walitengeneza nakala za bastola za Kiingereza kwa maelfu na kuziuza rahisi. Halafu akalinganisha namba. Namba ya silinda haikuwa ya mwili wa bastola. Ilikuwa imeunganishwa kutoka mbili.

Akaivuta nyundo ndogo ya nyuma, ile inayogonga risasi. Ncha yake ilikuwa imekatika. Kutu ya pale palipokatika ilikuwa nyeusi, ya miaka mingi sana. Bastola ile haikuweza kulia siku ya chui, na huenda haikuwahi kulia tangu Bwana Kipara ainunue. Mpaka hapo mzee alikuwa amesema kweli.

Mpini ulikuwa umefungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Huo ulikuwa upande wangu. Ngozi mbichi ukiivika ikiwa imelowa na kuishona, ikikauka hukaza kuliko msumari, na kazi ile ilikuwa safi, ya mtu aliyezoea kushona vibuyu. Nikaomba ruhusa kwa mzee, nikaikata taratibu. Mbao chini yake ilikuwa imepasuka kuanzia kisiginoni, mwisho wa mpini, kwenda juu, na chuma cha kisiginoni kimebonyea ndani. Mpini ndio uliogonga, tena kwa nguvu, umekwenda moja kwa moja bila kupinduka ovyo.

Niliinua macho nikakutana na macho ya Fundi Kartar. Tulikuwa tunafikiri jambo lile lile. Mtu aliyetoka kufinya kifyatulio mara mbili, na chui yuko mbele yake, mkono wake umeshika mpini. Akishikwa na hofu atairusha hivyo hivyo alivyoishika. Hawezi kupata nafasi ya kuigeuza ashike mtutu. Anayeshika mtutu ni yule aliyeiokota chini. Na tena ni mtu aliyekua na rungu, ambaye mkono wake unajua wenyewe kwamba kizito kitangulie.

Arap Tonui alikuwa anatazama mvua. Kama alijua ametuonyesha nini, hakuonyesha kwamba anajua. Na sisi tungemuuliza nini? Kumuuliza ni kumtaka akiri kwamba alishika silaha ya mzungu. Fundi Kartar akafunika bastola kwa kitambaa akavuta kiti chake karibu.

"Mzee, mimi naheshimu wewe, kwa hiyo nasema kweli," alisema. "Hii hapana ng'ombe. Hapana mbuzi. Kuku moja, pengine, kama kuku gonjwa."

Niliona aibu kama mimi ndiye niliyeitengeneza. Arap Tonui akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua itaendelea. Nikamnong'oneza, nikimwita baba, kwamba sasa mambo ni rahisi. Mluzi hajui. Akija, chukua mtamba wako uende kwa amani. Akaniuliza kama mimi nina wazimu. Yule Mluzi alifundishwa kukamua na nani? Alipong'atwa na nyuki, nani alimtoa miiba? Amwibie leo, amuuzie kuku mgonjwa kwa bei ya mtamba, halafu amtazame? Nikabishana naye. Nilimwambia ana watoto. Akasema ndiyo, na watoto hao watauliza ng'ombe huyu alitoka wapi. Nilikasirika, nawaambia kweli. Nilimwona mzee analitupa boma lake lote kwa ajili ya uungwana, na mtu atakayemfanyia uungwana huo alikuwa ameuza shamba na anaondoka zake.

Tukasikia mluzi barazani.

Mluzi alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, uso mwekundu wa jua, koti linachuruzika. Alikuwa amemleta mzee mjini kwa lori lake, kisha akaenda kutafuta vipuri. Alimsalimu arap Tonui kwa Kikipsigis, na walisemezana kidogo kwa lugha hiyo, kwa maana alikuwa ameinyonya pamoja na maziwa. Kisha akageukia Fundi Kartar kwa Kiswahili akauliza urithi umeonekanaje.

Kabla fundi hajafungua mdomo, arap Tonui alisimama. Akasema bastola imepimwa na ni bure. Haikutoka London, na imekatika. Kwa hiyo Mluzi aichukue tu, na mtamba abaki nao, kwa sababu yeye hawezi kula cha mtoto aliyemlea kwa njia ya chuma kibovu. Alisema hivyo akiwa amenyooka, na mikono yake ilikuwa imetulia. 

Mluzi alisogea mezani. Alifunua kitambaa, akaangalia mpini uliovuliwa ngozi, akaweka kidole gumba pale palipobonyea. Akauliza kama hapo ndipo palipompata chui. Fundi Kartar akasema ndiyo. Mluzi akaenda akafunga mlango wa mbele. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, na alisema kwa Kiswahili, nadhani alitaka na sisi tusikie.

"Wiki ya mwisho Baba aliniita. Akaniambia hakuteleza. Alipoona bunduki imekataa, aliitupa kwa matope akaruka mwenyewe ndani ya josho, akaacha wewe na chui. Aliona yote, kichwa kikiwa juu ya dawa. Alisema wewe uliokota. Alisema chui alikuwa anakuja kwake, si kwa ndama."

Arap Tonui alikaa chini. Kwa mara ya kwanza niliona ni mzee kweli.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Akasema alikufanya uongope miaka yote kwa ajili yake, na alikuwa na aibu kusema ukiwa mbele yake. Kwa hiyo akaandika bunduki ni yako."

Mluzi akaeleza kwamba yeye alijua tangu mwanzo bastola haina bei. Aliitaka ili aende nayo, na watoto wake waambiwe habari ya kweli. Hakutaka kusema shambani, masikio ni mengi na nyakati zilikuwa mbaya. Neno moja kwamba arap Tonui aliwahi kushika bastola lingeweza kumfikia mtu asiyejali kwamba ni habari ya kabla ya vita. Ndiyo maana alisema mtamba tu, akatumaini mzee atakubali.

"Mtamba si bei ya bunduki," alimaliza. "Ni ya Baba."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Arap Tonui alijifuta uso kwa kiganja, akaanza upya kupanga vidole vyake juu ya goti, kimoja kimoja. Nilimjua sasa. Alikuwa anapima.

"Kwa bunduki, mtamba mmoja ni mwingi sana," alisema hatimaye. "Lakini kwa baba yako? Baba yako alikuwa mtu mkubwa. Mtamba mmoja ni kidogo."

Mluzi alimkazia macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine yaliyomtoka nadhani hayakuwa ya kicheko. Akauliza ni wangapi basi.

"Wawili. Nachagua mimi. Na mmoja awe na mimba."

"Wawili," alisema Mluzi, "na mmoja awe na mimba."

Akanyoosha mkono. Arap Tonui hakuupokea. Alisimama, akatemea mate kidogo kiganjani, kama wazee wa kwao wanavyobariki, akamwekea yule mzungu kiganja kile kichwani na kukiacha hapo, huku akinena maneno ambayo mimi sikuyaelewa. Mluzi aliinamisha kichwa kama mtoto. Fundi Kartar alivua miwani yake, ya kusomea na ya kukasirikia. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi chini ya meza, na nikaitafuta mpaka waliposhuka barazani na lori likawaka.